Bendi changa za Mbeya na Iringa haziandikwi popote. Ni bahasha, ni umbali wa Dar, au ni sisi wenyewe?

BesiYaMwanjelwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu.

Niende moja kwa moja. Napiga gitaa la besi na pia nasaidia kazi za ofisi kwenye lebo ndogo hapa Mbeya. Jina la lebo siliweki, nisije nikaonekana nimekuja kutangaza. Tuna bendi tatu changa: moja ya hapa mjini, moja ya Tukuyu na moja ya Iringa. Zote zinapiga vyombo live na kutunga nyimbo zao. Jumamosi ukumbi unajaa, baridi ya Juni hii watu wanacheza na makoti mwilini mpaka saa nane usiku.

Nyimbo zimerekodiwa. Tumezipeleka kwenye redio za huku, tumewatumia wahariri wa burudani wa magazeti ya Dar, tumewatumia vijana wenye kurasa kubwa mitandaoni. Kimya. Wiki hiyohiyo msanii wa Dar akipaka nywele rangi, ni habari kila mahali.

Dai langu ni hili: vyombo vya habari vya nchi hii vimeshaamua kwamba muziki unatoka Dar, na kwamba mwanamuziki ni mtu mmoja mwenye maiki, siyo bendi. Anayebisha aje na hoja. Anayejua pa kupita naye aseme.

Tukuyu_Stendi #2

Bendi ya Tukuyu ndiyo ile ya Jumamosi? Yule mpiga drams ana mkono mzito, nilimsikia nikiwa barabarani kabla sijaona hata mlango wa ukumbi. Naunga mkono hoja.

DjMstaafu #3

Mkuu, unazunguka mbuyu. Ni bahasha.

Nimefanya kazi kwenye redio moja ya Nyanda za Juu Kusini, sitaitaja. Mtangazaji wa kipindi cha muziki anakaa miezi bila mshahara. Anachokula ni hela ya promo. Msanii anakuja na flash, ndani kuna wimbo, chini ya flash kuna noti. Asiye na noti flash yake inawekwa kwenye droo. Mimi nimeiona hiyo droo, imejaa mpaka haifungi, na humo ndani kuna kazi nzuri kuliko zilizokuwa zinapigwa hewani.

Sasa bendi ni watu saba. Wakipata laki tatu ukumbini wanagawana, kuna jenereta, kuna bajaji ya kubeba spika. Msanii wa peke yake ana tumbo moja na mdhamini mmoja. Bendi itashindania wapi bahasha?

Kalamu ya Mkoani #4

Nabisha, na nabisha nikiwa ndani ya kazi. Mimi ni mwakilishi wa gazeti mkoani. Bahasha zipo, sitawadanganya, lakini siyo zinazowazuia nyie.

Wengi wetu mikoani hatuna mshahara, tunalipwa kwa habari iliyochapishwa. Mhariri Dar ana picha yake ya Mbeya kichwani. Anataka ajali ya Iwambi au Mlima Nyoka, anataka foleni ya malori Tunduma, bei ya mbolea, kesi mahakamani, ziara ya kiongozi. Nikimpelekea habari ya bendi anaisukuma dawati la burudani, na dawati la burudani linaangalia kinachopigwa kwenye kumbi linazozifahamu lenyewe. Habari inalala. Mimi nauli nimetoa, bando nimechoma, silipwi. Mara ya pili nitaenda kwenye ajali.

Hilo la kwanza. La pili ni mnachotuma. Nina ujumbe wa bendi moja hapa kwenye simu, siyo lazima iwe yenu. Ni sauti ya WhatsApp, jina la faili ni herufi na namba tu. Picha moja ya giza, wanaoonekana ni watu watano na taa ya kijani, nyuma kuna tangazo la bia kubwa kuliko wao. Chini wameandika: "Kaka tusapoti." Sijui bendi inaitwaje. Sijui nani anaimba, wimbo unaitwaje, wanatoka kata gani, walianzaje, watapiga lini tena. Niandike nini?

Makambako_Junction #5

Kamwene wakuu.

Magazeti nani anasoma siku hizi? Watoto wako TikTok. Wekeni sekunde thelathini za solo la gitaa, likishika limeshika. Mnapoteza muda kumbembeleza mhariri.

Halafu tuseme ukweli, hii mikoa haijawahi kutoa bendi iliyovuma Tanzania nzima. Labda tatizo ni muziki wenyewe.

Mzee wa Sokomatola #6

Kijana wa #5, hapo umekosea na siwezi kukuacha.

Tancut Almasi Orchestra ilikuwa ya wapi? Iringa. Ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi, ndiyo maana ya jina lake. Miaka ya themanini ilitikisa nchi hii. Kulikuwa na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa wakiimba, sauti ya mmoja ikiishia huwezi kujua ya mwenzake ilianzia wapi. John Kitime naye alipita pale. Nilikuwa nasafiri Mbeya mpaka Iringa kwa ajili yao na sikuona umbali.

Lakini wakuu, haikuvuma kwa gazeti. Bendi zilikwenda Dar kurekodi Radio Tanzania, wimbo ukipita pale unasikika Kyela, unasikika Bukoba, unasikika Mtwara siku hiyohiyo. Redio ilikuwa moja. Hukuhitaji kumjua mtu kila mkoa. Redio binafsi zilianza baada ya sheria ya utangazaji ya 1993, Radio One ikaingia hewani 1994, na kuanzia hapo kila mtu ana redio yake na anayeamua nini kipigwe ni mwenye kipindi.

Jambo la pili, Tancut walikuwa na kiwanda nyuma. Kiwanda kilinunua vyombo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, mwisho wa mwezi anapokea. Lebo yenu ina nini nyuma yake?

BesiYaMwanjelwa #7

Shikamoo mzee. Nyuma yetu yuko mtu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayependa muziki. Hicho ndicho kiwanda chetu.

Kalamu #4, umenigusa. Lakini sisi tumetuma majina, picha ya mchana na maelezo ya ukurasa mzima. Bado kimya. Kwa hiyo hoja yako inaeleza sehemu, haielezi yote.

Binti Kihesa #8

Mimi niko Iringa, bendi yenu ya huku naijua. Naipenda, ndiyo maana nasema.

Wakipiga hotelini, kuanzia saa mbili mpaka saa sita ni kopi. Zilipendwa, Wakongo, kidogo za Zambia. Mwenye hoteli ndivyo anavyotaka kwa sababu wateja wake ni watu wa semina. Nyimbo zao wenyewe zinakuja mwishoni, mbili au tatu, watu wakiwa wanalipa bili. Mwandishi akija saa tatu anakuta kopi, anaondoka akijua ameona bendi ya hoteli. Hakuna mwandishi wa dunia hii anayeandika habari ya kopi.

Wapigeni vyuoni. Iringa hii ina Mkwawa, ina Ruaha, ina Chuo Kikuu cha Iringa. Mbeya mna MUST na TEKU. Vijana wanajaa bure, wanarekodi na simu, na baadhi yao kesho ndio wahariri.

Mbeya_Niko_Dar #9

Naunga mkono #8. Hata huko nje bendi zilisubiri bahati. Nirvana, bendi ya roki ya Marekani, walikuwa hawajulikani kabisa mpaka MTV, televisheni ya muziki ya kwao, ilipowagundua. Ni suala la kituo kimoja kikubwa kukupenda, basi.

Mikisa_Vwawa #10

Hapana mkuu #9. MTV walifika mwishoni kabisa, na hadithi yenyewe ndiyo dawa ya uzi huu, kwa hiyo nivumilieni.

Nirvana walianza kwenye lebo ndogo ya Seattle, Sub Pop. Wakati huo kwa waandishi wa New York na Los Angeles, Seattle ilikuwa pembeni, mji wa mvua na miti. Mwanzoni mwa 1989 lebo ikamgharamia mwandishi Everett True wa gazeti la muziki la Uingereza, Melody Maker, avuke bahari aje awaone. Jamaa aliporudi aliandika juu ya mji mzima na bendi zake, hakumwandika mtu mmoja. Wamarekani wenyewe wakaanza kusikia habari za Seattle kupitia London.

Na lebo ilikuwa imejiandaa. Desemba 1988 walishatoa mkusanyiko wa bendi nyingi za huko pamoja, mtangazaji John Peel wa BBC akausifu gazetini. Albamu ya kwanza ya Nirvana, 1989, ilirekodiwa kwa dola 600 hivi, na hiyo bei wakaiandika kwenye jalada. Mwandishi akishika tu jalada tayari ana cha kuandika. MTV ilikuja 1991 na Nirvana walikuwa wameshahamia lebo kubwa.

Mwanzilishi mmojawapo, Bruce Pavitt, kabla ya lebo alikuwa anachapisha kijarida chake cha muziki tangu 1980, na alikuwa na safu kwenye gazeti la pale Seattle. Alikaa upande wa waandishi kwanza, ndipo akahamia upande wa bendi. Alijua wanataka nini.

Kwa hiyo BesiYaMwanjelwa, msitume bendi moja moja. Tumeni Nyanda za Juu nzima.

DjMstaafu #11

Mikisa, soma tena ulichoandika. Lebo ilimlipia mwandishi nauli. Hiyo siyo bahasha? Tofauti ni ndege tu.

Kalamu ya Mkoani #12

Tofauti ipo, Dj. Nauli inajulikana na mhariri, na mwandishi anabaki huru kusema bendi ni mbovu. Noti ya chini ya flash inanunua sifa. Ukinipa nauli ya kwenda Tukuyu nikakuta hamna kitu, nitaandika hamna kitu.

DjMstaafu #13

Utaandika hamna kitu halafu upande gari la nani kurudi?

Tukuyu_Stendi #14

Hapo sasa. Na gari la mwisho Tukuyu kwenda Mbeya ukilikosa unalala, Kalamu, na baridi ya kwetu unaijua.

Kalamu ya Mkoani #15

Nitalala. Nimelala pabaya zaidi kwa habari za mbolea.

Chai_ya_Rungwe #16

Mimi ni mpenzi wa muziki tu, sina bendi wala redio. Naona mmesahau sababu moja kubwa.

Kati ya 2008 na 2017 hivi tulikuwa na blogu za mikoani. Mtu ana kamera ndogo, anakwenda ukumbini, kesho yake unaona picha za bendi na maelezo. Nimewafahamu wanamuziki wengi wa Mbeya kwa njia hiyo. Halafu 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mwenye blogu akatakiwa leseni: laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja nyingine kila mwaka. Mtu anayeandika kwa mapenzi atatoa wapi milioni mbili na laki moja? Wengi walifunga. Masharti yalikuja kulegezwa baadaye, lakini waliofunga hawakurudi, wameshakuwa na maisha mengine.

Yule mtu wa katikati, asiye gazeti kubwa wala mtoto wa TikTok, ndiye aliyekuwa anaziandika bendi changa. Tulimpoteza.

Binti Kihesa #17

#16 hapo umesema kitu ambacho sijawahi kukisikia kikisemwa. Nilikuwa nasoma blogu moja ya Iringa kila Jumatatu, ikapotea hivihivi.

Makambako_Junction #18

Mzee #6 asante kwa Tancut, nimewasikiliza jana usiku kucha. Ila hoja yangu ya TikTok inasimama. Angalieni waliotoka Mbeya: Sugu, Izzo Bizness, Rayvanny. Rayvanny 2017 alichukua tuzo ya BET, kijana wa Mbeya. Wamevuma. Kwa hiyo Mbeya siyo tatizo.

BesiYaMwanjelwa #19

Makambako, umenisaidia bila kupenda. Wote uliowataja ni mtu mmoja mwenye maiki. Na wote safari yao ya kuvuma ilipitia Dar. Nitajie bendi moja inayopiga vyombo, inayoishi Mbeya, iliyoandikwa ikiwa Mbeya. Hiyo ndiyo hoja ya uzi.

Bendi haiwezi kuhamia Dar kirahisi. Mpiga solo wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, wa kinanda ana mke na shamba la viazi Uyole. Msanii wa peke yake anapanda basi na begi, zaidi ya kilomita 800, akifika analala kwa binamu. Bendi nzima italala kwa binamu yupi?

Mbeya_Niko_Dar #20

Halafu kuna wale singeli wa studio ya Sisso hapa Dar. Magazeti ya nyumbani yalikuwa yanawaita wahuni, ikaja lebo ya Ujerumani ikawatoa, leo wanazunguka Ulaya. Labda pitieni nje kwanza.

Mikisa_Vwawa #21

Lebo siyo ya Ujerumani mkuu. Ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala, jirani zetu kabisa. 2017 walitoa mkusanyiko wa wasanii wa Sisso, na magazeti ya muziki ya Ulaya yakaandika juu ya studio na mtaa, kama Seattle ilivyoandikwa. Kabla yao, 2012, Jagwa Music wa mchiriku walitolewa na Crammed Discs ya Ubelgiji. Lebo ndogo zote hizo. Kinachofanana ni kwamba lebo ilikuwa na jina la muziki na mahali unapotoka, mwandishi akawa na pa kuanzia.

Nyie muziki wenu unaitwaje? "Bendi ya live" siyo jina.

Mzee wa Sokomatola #22

Hapa Mikisa nasita kidogo. Mchiriku na singeli ni ngoma za mtaani zenye mapigo yake, hazikupachikwa jina ili mzungu aandike. Kama hawa vijana wanapiga rumba na dansi wapige rumba na dansi. Ila kama yule mpiga drams wa Tukuyu anayesifiwa hapa ana mapigo ya ing'oma mkononi, ya kwetu Wanyakyusa, basi hilo lipo tayari na lisikike kwenye rekodi. Nimeisikiliza rekodi moja waliyonitumia vijana, drams zimefinywa chini ya kinanda mpaka hazisikiki.

BesiYaMwanjelwa #23

Mzee, prodyuza alisema ndivyo redio zinavyotaka.

Mzee wa Sokomatola #24

Redio ambazo hazipigi?

Tukuyu_Stendi #25

Mzee!! Ndaga fijo, asante sana. Rudisheni drams.

DjMstaafu #26

Mimi nabaki palepale. Jina mtapata, drams mtarudisha, picha mtapiga ya mchana. Mkifika pale mapokezi mtaulizwa "mmekuja na nini?" John Peel mnayemtaja alikaa BBC tangu 1967 mpaka alipofariki 2004, kazi yake kupiga wasiojulikana, na analipwa kwa kazi hiyo. Mpeni mtangazaji wa Mbeya mshahara kwanza, halafu mje tuongelee mapenzi ya muziki.

Chai_ya_Rungwe #27

Dj una hoja, lakini kwa hoja yako hakuna cha kufanya mpaka wenye redio wabadilike. Hawa vijana wanapiga Jumamosi hii.

Kalamu ya Mkoani #28

Nimekaa na hili la Mikisa. Mhariri wangu hatakubali "bendi mpya Mbeya". Anaweza kukubali "Iringa iliyowahi kuwa na Tancut Almasi, sasa kuna vijana wa vyuo na mwalimu wa shule ya msingi wanaorudisha dansi". Hapo kuna historia na kuna watu. Lakini nahitaji bendi zote tatu ukumbi mmoja siku moja, na wapige nyimbo zao tangu mwanzo, siyo saa sita usiku. Sitaki nauli. Na siahidi kwamba itatoka.

BesiYaMwanjelwa, nitumie majina ya wanabendi wote na kila mmoja anapiga nini. Nani katunga wimbo upi pia.

Makambako_Junction #29

Na mfanye Makambako, ndiyo katikati ya Mbeya na Iringa. Ukumbi upo. Mimi nitarekodi kwa simu niweke TikTok, tuone nani atafika kwanza, gazeti au mimi.

Binti Kihesa #30

Makambako wakati huu? Upepo ule? Njooni Iringa, chuoni. Makambako hamtapata mwanafunzi hata mmoja.

BesiYaMwanjelwa #31

Nashukuru wote. Mahali tutaamua na bendi zenyewe, ya Tukuyu tayari wanavuta kwao. Kalamu, majina nakutumia usiku huu. Mzee, nimemwambia prodyuza kuhusu drams, amenuna lakini amefungua faili.

Dj, sijakubaliana na wewe kwamba ni bahasha peke yake. Droo yako hata hivyo imenikaa. Hizo flash zilikwenda wapi ulipoondoka?

DjMstaafu #32

Zipo palepale, nijuavyo mimi. Nyingine niliondoka nazo, mbili ni za bendi za Mbeya za miaka hiyo. Wenyewe wakijitokeza nitawarudishia.

Mikisa_Vwawa #33

Kabla hamjatuma chochote kwa mwandishi yeyote, nyimbo zimesajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki? Na bendi BASATA, baraza la sanaa? Habari ikitoka na wimbo ukaanza kutumika kabla ya karatasi, mtarudi hapa na uzi mwingine.

BesiYaMwanjelwa #34

BASATA bendi mbili tayari, ya Tukuyu bado. COSOTA tumesajili za bendi ya Mbeya tu. Kwenye hizo za Iringa waimbaji wawili wanabishana nani katunga.

Kalamu ya Mkoani #35

Wamalize kwanza kubishana ndipo nije. Sitaandika jina la mtunzi mmoja halafu nipigiwe simu na wa pili.